Bomba la inchi 6: mita ya kubana nje au ya sumaku? Na sensa zifungwe V au Z?

FundiMaji: Wakuu, nataka kupima maji ya kisima yanayokwenda tangini. Bomba inchi 6. Nimepewa bei mbili: mita ya altrasoniki (ya mawimbi ya sauti) ya kubana nje, na ya sumaku ya kukata bomba na kufunga flanji (pete za kuungia kwa bolti). Ipi bora? Sensa za hiyo ya kubana nje nifunge V (zote upande mmoja, wimbi linagonga ukuta wa pili na kurudi) au Z (pande mbili zinazotazamana)?

Kipenyo: Inchi 6 ya nini? HDPE (plastiki ngumu) ina kipenyo cha nje cha mm 160, chuma mm 168.3. Unene wa ukuta? Ndani kuna saruji? Pampu na kona ziko umbali gani? Bila hayo tutabahatisha tu.

FundiMaji: Chuma la zamani, lina rangi. Kona iko mita moja nyuma ya pale ninapotaka kufunga. Unene sijapima.

Kipenyo: Mita moja ni vipenyo 6 tu. Unahitaji bomba lililonyooka la vipenyo 10 nyuma ya sensa (mita 1.7) na 5 mbele (sentimita 85). Baada ya pampu au valvu iliyofunguliwa nusu, hesabu 30, yaani mita 5. Sogea mbele.

Mzee wa Flanji: Chukua ya sumaku, mkuu. Inaridhika na vipenyo 5, na maji ya kisima yanapitisha umeme wa kutosha, ndicho inachohitaji. Kubana nje ni kwa ukaguzi wa muda.

Wimbi: Si kweli, zipo zinazofungwa moja kwa moja. Tatizo ni maandalizi. Piga msasa mpaka chuma ing'ae, eneo kubwa kuliko sensa. Weka sensa ubavuni, penye saa 3 na saa 9 ukilitazama bomba kama uso wa saa. Juu hukaa hewa, chini tope. Paka grisi ya silikoni bila kuacha kiputo. Jeli ya hospitali inakauka, ishara inakufa. Nafasi kati ya sensa chukua kwenye mita yenyewe baada ya kuingiza kipenyo, unene na aina ya bomba. Kisha funga valvu, hakikisha bomba limejaa, weka sifuri.

Kwa bomba lako anza na Z. V hupitisha wimbi mara mbili, tofauti ya muda kati ya wimbi linalofuata maji na linalopingana nayo (ndiyo mita inayopima) inakuwa kubwa na usomaji mzuri, lakini kutu inameza ishara.

Kipenyo: Kutu ndiyo hatari yenyewe. Kuna bomba lilisomwa kwa unene wa kwenye katalogi, kipenyo cha ndani mm 154. Ndani kulikuwa na gamba la mm 3 kila upande, kwa hiyo kipenyo halisi mm 148. Kwa eneo la ndani ya bomba peke yake mita ilizidisha kama 8%. Ishara ilikuwa nzuri, hakuna aliyeshuku, watu wakaanza kutafuta uvujaji usiokuwepo. Ukiwa na saruji iliyoachana na chuma ni mbaya zaidi: wimbi halivuki ule mwanya wa hewa.

Pampu_Sola: Kwa nini asitumie Doppler, ile mita inayosoma mwangwi wa vitu vinavyoelea majini?

Wimbi: Doppler inahitaji viputo au chembe za kurudisha mwangwi. Maji safi ya kisima hayana.

Mzee wa Flanji: Mnaona? Kata bomba.

FundiMaji: Bosi hataki maji yasimame. Unene na gamba napimaje bila kukata?

Kipenyo: Kipimo cha unene cha altrasoniki, pointi nne kuzunguka bomba. Kinakupa chuma tu, gamba laini mara nyingi hakilioni. Hapo karibu kuna flanji au valvu ya kufungua?

Pampu_Sola: Na mimi nina HDPE ya 160, PN10 (ya shinikizo la bar 10). Ukuta wa mm 9.5 niingize hivyohivyo?