Wakuu, nisaidieni kupanga picha za harusi, mpiga picha anataka orodha kabla ya Jumatano

Binti Kihonda
Habari za jioni wakuu. Naolewa Jumamosi ijayo. Ibada saa nane mchana Ubungo, ukumbi Sinza, na katikati mwenzangu anataka picha za ufukweni Kigamboni. Mpaka sasa nimeandika: pete, gauni, napambwa, naingia kanisani, kuvishana pete, kusaini vyeti. Nje kwenye ngazi: maharusi na mama yangu (baba alishatangulia), maharusi na wazazi wa mwenzangu, ndugu wa pande zote, wasimamizi, kamati. Ukumbini: keki, ndafu, kulishana, zawadi, kufungua muziki. Kuna nilichosahau? Na nizipange vipi zisile muda, wala mtu asijisikie vibaya? Silali kwa ajili ya hii orodha.

Mzee wa Lenzi
Hongera sana. Picha za makundi ndizo zinazokula muda. Kila kundi lihesabie dakika 2 hadi 3, na hapo watu wawe wamesimama tayari. Makundi 12 ni nusu saa nzima. Anza na wazee ili wakapumzike kivulini, malizia na vijana. Kila upande uteue mtu mmoja anayejua sura, ashike karatasi aite majina, maana mpiga picha hawezi kumjua baba mdogo wako. Padre au mchungaji aulizwe mapema kuhusu flashi. Jua la Dar linazama kama saa kumi na mbili na nusu na giza halisubiri, kwa hiyo Kigamboni ifikirieni upya. Mpiga picha awe na kamera inayoandika kwenye kadi mbili kwa pamoja, kadi moja ikiharibika harusi isipotee.

Chumvi Kolea
Usisahau bibi! Harusi yangu ilikuwa 2014. Keki nina picha zake mpaka za mgongoni, ila ya bibi yangu hakuna hata moja. Alikaa meza ya pembeni karibu na spika, hakuna aliyemfuata. Mwaka uliofuata akaondoka. Mpaka leo nikifungua albamu naumia.

Mweka Hazina
Picha baadaye, kwanza michango imefika? Mimi nimekuwa kamati nyingi, watu wanaahidi mkutanoni, ukiwapigia simu hawapokei.

Mama Pili
Binti, mtu hakosi usingizi kwa sababu ya picha ya keki. Umeandika "mtu asijisikie vibaya". Mtu gani? Na sare ya wazazi upande wako kashona nani?

Binti Kihonda
Mama Pili umenishika. Kashona shangazi. Aliyeandikwa "mama" kwenye orodha ni shangazi yangu wa Morogoro, ndiye aliyenilea. Mama mzazi alikwenda Muscat nikiwa darasa la pili. Amekuja kwa ajili ya harusi. Nimemweka kwenye picha ya ndugu wote, hayupo peke yake nje. Orodha nimeshamtajia mpiga picha kwa mdomo na MC anajua. Ninachoomba ni mpangilio tu.

Nuru ya Asubuhi
"Waheshimu baba yako na mama yako." Hakuna pa kuchagua hapo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Chumvi Kolea
Kuzaa si kazi, kazi kulea. Shangazi asimame mbele na kichwa juu.

Mtu wa Ruwi
Niko Muscat. Msiongee kirahisi. Mikataba mingi ya kazi za ndani huku ni miaka miwili miwili, ukitaka kuondoka kabla unajilipia tiketi, na wengine pasipoti anakaa nayo mwajiri. Kuna akina mama huku wanawaona watoto wao wakikua kwenye simu. Alikuwa anatuma chochote?

Binti Kihonda
Alikuwa anatuma. Ada yangu yote mpaka chuo, kupitia kwa shangazi. Lakini mikutano ya wazazi shuleni alikuja shangazi. Nilipolazwa na malaria alilala sakafuni shangazi. Yule ndiye ninayemwita mama, hata majirani wanajua.

Mama Pili
Swali moja la mwisho mwanangu, usinikasirikie. Mpiga picha analipwa na nani?

Binti Kihonda
Na mama. Wa Muscat. Alisema hakuweza kuwepo siku nyingine zote, basi hii angalau aibakize kwenye picha. Alishalipa zote kabla sijaandika orodha. Sikumwomba, na kulipa hakumpi mtu nafasi ya kusimama.

Mweka Hazina
Duh. Mtu kalipia albamu asiyokuwemo.

Shahidi wa Macho
Wakuu mnapigwa. Ibada saa nane Ubungo, ikiwahi kuisha ni saa kumi. Uvuke Kigamboni Jumamosi, iwe kwa kivuko au kwa Daraja la Nyerere, upige picha, urudi Sinza na gauni lile kabla wageni hawajaanza kununa? Hakuna kamati ya Dar inayopitisha ratiba hiyo. Halafu mama anatua kutoka Uarabuni na malipo ya mpiga picha. Hii ni chai, tena ya tangawizi.

Chumvi Kolea
Mh, na mimi nilikuwa nimeshaanza kulia. Binti, weka picha ya kadi ya harusi, majina yafiche.

Mzee wa Lenzi
Ratiba mbovu si ushahidi. Bwana harusi anayetaka ufukwe wakati jua linazama nakutana naye kila msimu.

Binti Kihonda
Kadi siweki, ina namba za watu. Kigamboni ni ya mwenzangu na kamati imeshaigomea. Kama ni chai, mimi ndiye ninayeinywa: jana mama kaniuliza rangi ya sare ya wazazi ili ashone. Nikamwambia kitambaa kimekwisha dukani. Akasema sawa mwanangu, akaendelea kupanga halua na udi aliowaletea wakwe. Hakuuliza tena.

Mama Pili
Kilikwisha kweli?

Binti Kihonda
Sikwenda kuangalia. Na picha ya ngazi sibadilishi, ya kwanza ni shangazi. Hilo msinisukume.

Mzee wa Lenzi
Usibadilishe. Ya kwanza wewe na mwenzako na shangazi. Shangazi asiondoke, aitwe mama asimame upande wa pili, mpigwe watatu wa kwenu na bwana harusi. Kisha shangazi apumzike, mbaki na mama. Dakika 6 zote hizo. Mwambie shangazi leo, asije akashtukia pale mbele za watu.

Mama Pili
Shangazi mwenyewe ndiye wa kumkabidhi mama kitambaa, si wewe. Duka liko wapi? Kariakoo nina fundi, ukimpelekea Jumatatu, Alhamisi anatoa. Rangi gani?

Binti Kihonda
Kijani ya jani la mgomba, ina mstari wa dhahabu pindoni. Duka liko Mtaa wa Kongo. Mama amenenepa kidogo, mita nne zitatosha na kilemba?