Ndege gani huyu wa kichakani anayelia kama paka? (Niko Ohio)

Mdigo_Ohio:
Habari za leo wana jukwaa. Naombeni msaada wa kumtambua ndege. Naishi Columbus, na nyuma ya nyumba kuna kichaka kilichoshikamana hadi mkono haupiti. Tangu mwanzoni mwa Mei kuna ndege humo. Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Muheza, ndiye aliyemsikia kwanza. Akadhani ni mtoto wa paka amenasa, akatoka na kisosi cha maziwa. Paka hakuna.

Asubuhi anaimba mfululizo, dakika kadhaa bila kupumzika: mara filimbi, mara kama bawaba isiyotiwa mafuta. Nimemwona mara mbili tu. Mwili rangi ya majivu, utosi mweusi, mkia mrefu mweusi. Kanikumbusha shore wa nyumbani, ila yule ana manjano chini ya mkia. Mwenye nyumba anataka kichaka kikatwe Jumamosi na roho yangu inasita.

DarubiniYangu:
Mkuu, na huyu chini ya mkia ana rangi gani?

Mdigo_Ohio:
Nimerudi kuchungulia. Kahawia nyekundu, kama kutu.

DarubiniYangu:
Basi ni Gray Catbird, ndege-paka wa kijivu, *Dumetella carolinensis*. Hiyo kutu inamaliza ubishi. Dume na jike wanafanana.

Bibi_Bustani:
Nakubali, ila wimbo usije ukakuchanganya. Ana jamaa zake wawili hapo Ohio, nao ni waigaji wa sauti za ndege wengine. Northern Mockingbird hurudia kipande kimoja mara tatu au zaidi ndipo ahamie kingine, na akiruka utaona mabaka meupe kwenye mabawa. Brown Thrasher hurudia mara mbili mbili. Mgongo wake ni kahawia na kifua kina michirizi. Wako wewe kwa kawaida harudii. Mimi niliwachanganya miaka miwili, hadi nilipoanza kuhesabu. Kesho alfajiri kaa kimya, hesabu. Programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell nayo ni ya bure, inasikiliza kwa simu.

Mtanga_Minnesota:
Ndugu yangu, nakusihi msikate sasa! Huu ndio msimu wake wa kutaga, na kiota hukificha katikati ya vichaka kama hivyo, mara nyingi usawa wa kifua tu. Mayai yana rangi ya buluu-kijani iliyokolea, mazuri kupita kiasi. Sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 inakataza kuharibu kiota chenye mayai au makinda. Mwandikie mwenye nyumba, aombwe kusubiri hadi majani yapukutike; wakati huo ndege ameshaondoka kwenda kusini, hata Mexico na visiwa vya Karibi. Wala usipanue matawi kukitafuta kiota.

Mdigo_Ohio:
Leo alfajiri tumehesabu na mama, tumekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Vipande ishirini na vitatu, hakuna alichokirudia papo hapo. Halafu akamalizia na ule mlio wa paka, mama akanishika mkono. Mwenye nyumba amekubali kusubiri hadi Oktoba. Ahsanteni sana. Mama anauliza, kama si maziwa, apewe nini?

Bibi_Bustani:
Zabibu kavu zilizolowekwa, au nusu chungwa ichomekwe kwenye tawi. Wadudu atajitafutia mwenyewe. Shikamoo yangu kwa mama.