Tupeane uzoefu: korongo la kwenu kabla ya malori ya mchanga na sasa

Punda_na_Madumu (mleta mada):
Wakuu, poleni na vumbi. Nilikwenda kijijini kumsalimia bibi nikakuta ananunua maji kwa dumu. Nilishangaa. Nilipokuwa mdogo, mwezi wa tisa kila kitu kikiwa kimekauka, alikuwa ananituma korongoni na punda. Unafukua mchanga mpaka mkono unaishia begani, unakaa kidogo, maji yanajaa taratibu, unachota kwa kata. Safi, ya baridi. Mvua zetu zinaishia Aprili lakini mchanga ulitutunzia maji hadi zirudi Desemba, kwa sababu kule chini jua haliyafikii. Sasa pamebaki mwamba na udongo wa mfinyanzi. Tangu 2016 serikali ilipoanza kuhamia huku Dodoma inajengwa kila kona, na mchanga ndio huo. Leteni ya kwenu.

Utingo_Mstaafu:
Mimi nilikuwa upande wa pili mkuu, msinipige mawe. Miaka mitatu nimepakia Fuso. Tuliingia alfajiri, vijana sita na makoleo. Tulipenda kuchimba ukingoni kwa sababu gari halizami. Sasa ukingoni ndiko ndege keremkerem wanakotoboa matundu yao ya kutagia. Ukichimba chini, kipande kizima kinaporomoka na vifaranga ndani. Siku ya kwanza iliniuma. Baada ya wiki mbili nilikuwa naulizia chai imefika wapi. Kilichoniondoa ni ukingo kumfunika mwenzetu hadi kifuani. Tulimtoa mzima, nikaenda zangu nyumbani na koleo la watu.

Mama_Wawili_Dom:
Na nyumba zenu mmejengea unga? 😀 Mimi nimenunua tripu kumi na moja, sikuuliza hata moja imetoka wapi. Tofali nilifyatulisha kwa vumbi la kokoto, ziko imara mpaka leo. Kwenye plasta fundi akagoma kabisa, anataka wa mtoni.

Mgeni_wa_Pwani:
Kwetu Lamu, huku nipo kikazi. Mkisema mchanga ni tangi mnanikumbusha Shela. Kule kuna matuta makubwa ya mchanga kando ya bahari. Mvua inapenya, maji matamu yanakaa chini yake juu ya maji ya chumvi, na visima vya hapo ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Ukiondoa tuta, chumvi inapanda kisimani. Nikiwa mdogo tulifukuzwa na wazee tukicheza huko kwa fujo, nikidhani ni ukali tu. Na ufukweni kasa hupanda usiku kutaga. Mchanga ukichukuliwa, atafukia wapi mayai?

Kondoa_Irangi:
Mchanga wa makorongo yetu umetoka milimani, tena kwa hasara. Wazee wanakumbuka HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza 1973. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika zaidi ili majani yarudi. Watu walilia ng'ombe wao. Halafu leo anakuja mtu na lori asubuhi, jioni ameshavuna ya miaka.

Punda_na_Madumu:
Vipi kuhusu kuzuia? Kuna aliyefanikiwa?

Kondoa_Irangi:
Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto. Tuliwahi kulisimamisha lori, dereva akatoa karatasi, hakuna aliyeweza kuisoma kwa tochi ya simu. Likapita.

Utingo_Mstaafu:
Tulikuwa na karatasi moja tu, tunaikodishana magari manne.

Mama_Wawili_Dom:
Mungu wangu.

Punda_na_Madumu:
Basi kuna mwenye korongo ambalo bado mwezi wa tisa unachota kwa kata? Ningependa kumpeleka bibi akalione.

Kondoa_Irangi:
Lipo. Nitakufuata PM, hapa silitaji jina.