Mbwa wangu mpole amegoma baada ya zoezi la maafa: tatizo ni lake au langu? Naomba ushauri

Kamba Fupi (mwenye uzi)

Habari zenu wakuu. Nitajitahidi kuandika kwa ufupi, ingawa najijua.

Kikundi chetu kina watu kumi na mmoja wa kujitolea na mbwa wanane. Miaka mitatu sasa tunatembelea wagonjwa na wazee. Karibuni tumeombwa tujiandae kwa kazi nyingine: kukaa na watu waliotoka kwenye moto, mafuriko au ajali kubwa, saa chache tu baada ya tukio. Mafunzo nimetwishwa mimi.

Jumamosi tulifanya zoezi la kwanza. Ukumbi, watu thelathini wa kuigiza, king'ora, machela, kelele za redio za mawasiliano. Mbwa wangu Bosi ana miaka minne na ni mpole, watoto humlalia kama mto. Hakubweka hata mara moja. Dada mmoja aliyeigiza kufiwa alimkumbatia shingoni akalia weee, na mimi nimesimama pale najivuna: oneni mbwa alivyotulia! Tulikaa saa mbili na nusu.

Tangu siku ile nikishika kizibao chake cha kazi anakimbilia chini ya meza. Jana alijikojolea.

Je, ndiyo hafai tena? Na hao saba waliobaki, nianze kufundisha mbwa au watu? Mwenzangu mmoja anataka tuongeze mazoezi makali mpaka wazoee. Nawasilisha.

Dkt wa Kwato

Pole mkuu, na Bosi mpe pole yake. Kabla hujasema ni woga, mpeleke kwa daktari wa wanyama. Mbwa mzima anayejikojolea ghafla anaweza kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, na aliyening'iniwa shingoni anaweza kuwa na maumivu.

Halafu nijibu hili: umesema hakubweka. Sawa, alifanya nini? Alipiga miayo? Alijilamba pua bila chakula kuwepo? Aligeuza uso pembeni, weupe wa jicho ukaonekana? Alihema ulimi nje na ukumbini hakuna joto? Kutulia na kuganda ni vitu viwili, na kwa mbali vinafanana sana.

Kamba Fupi

Nimerudia video aliyochukua mwenzetu. Dakika ya pili tu anajilamba pua mara tatu, anageuza uso, anapiga mwayo mrefu. Sauti yangu inasikika nikicheka, "huyu ameshachoka." Yule dada alipomwachia, Bosi akajikung'uta kama aliyetoka majini. Kila kitu alisema. Aibu nimeiona.

Mbishi Halali

Mnamdekeza. Mbwa wa uokoaji wanapanda vifusi kutwa, sembuse huyu aliyekumbatiwa tu?

Mstaafu Asiyechoka

Mbishi, umechanganya kazi mbili. Mbwa wa kutafuta anatumia pua, ana lengo, na akipata anatupiwa mpira wake. Kwake ule ni mchezo. Mbwa wa faraja halengi kitu. Kazi yake ni kuvumilia mikono ya wageni na vilio vya wageni, na hana mpira mwisho wa siku. Kule Marekani, baada ya mlipuko wa bomu wa Oklahoma City mwaka 1995, na mashambulizi ya New York mwaka 2001, walitumika mbwa waliozoea kutembelea wagonjwa. Wapo walioimudu kazi, lakini ilionekana wazi kwamba wodi iliyotulia na kituo cha manusura si sehemu moja. Ndiyo maana leo vipo vikundi vinavyompima mbwa upya kabla ya kumpeleka kwenye maafa, hata kama wodini ni bingwa.

Kamba Fupi, huyo anayetaka mazoezi makali mzuie. Hiyo ni kumtosa mtoto kisimani ili ajue kuogelea. King'ora kianze kwenye simu, sauti ya chini kabisa, Bosi akiwa mbali na anakula kitu anachokipenda. Akiacha kula, umeshapita kiwango, rudi nyuma. Kizibao kile kitupe kabatini, ukija kuanza tena tafuta chenye rangi na umbo tofauti. Na muda! Saa mbili na nusu bila kutoka nje ni adhabu. Mimi sivuki saa moja, na ndani yake kuna mapumziko.

Jambo lililotuokoa sisi ni mtu wa tatu. Kila mbwa ana mshika kamba, na pembeni yupo mtu asiye na mbwa, kazi yake kumwangalia mbwa tu. Mshika kamba anasikiliza mtu, hawezi kuona kila kitu. Yule wa pembeni akisema "anahitaji maji", mnaaga mnatoka. Hakuna mjadala.

Sikio la Pili

Niongeze upande wa binadamu, ndiyo kazi yangu. Anza na watu, mbwa wabaki nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia mwaka 2011, na msingi wake ni vitendo vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Hicho cha mwisho, yaani kumfikisha mtu kwenye maji, taarifa na ndugu zake, ndicho watu wa mbwa wanakisahau, wanadhani manyoya yanatosha.

Wafundishe kunyamaza. "Najua unavyojisikia" marufuku. "Afadhali wewe umepona" marufuku. Usimchimbe mtu akusimulie yaliyompata. Usimpelekee mbwa, simama hatua kadhaa pembeni, kamba fupi, usubiri akuangalie, ndipo uulize kama angependa kumsalimia. Wapo wanaoogopa mbwa, wapo wanaopiga chafya, wapo ambao dini inawapa masharti kuhusu mate ya mbwa. Yupo pia ambaye mbwa wake ameteketea usiku uleule. Huyo akimwona Bosi atalia zaidi, na mshika kamba asiyeandaliwa atababaika.

Picha hazipigwi. Na hamwendi msipoitwa, hata mkiona moshi kwa macho yenu.

Halafu kuna hili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, walichapisha mwaka 2022 jaribio lililoonyesha kwamba mbwa waliofunzwa hutofautisha jasho na pumzi ya mtu mwenye msongo na za mtu huyohuyo akiwa ametulia. Sasa fikiria: yule dada alikuwa anaigiza. Aliyekuwa na msongo wa kweli ukumbini mle, anayeendesha zoezi zima na kuombea lisiharibike, ni nani?

Kamba Fupi

Hapo umenipiga penyewe.

Mbishi Halali

Haya, nimeshindwa. Ila wa kwangu anakula nyama mbichi, hiyo nayo shida?

Dkt wa Kwato

Kwa mbwa anayelambalamba watu dhaifu, ndiyo. Anaweza kubeba salmonella, bakteria wanaoharisha watu, na yeye haumwi. Mpikie. Chanjo ya kichaa cha mbwa isiwe imepitwa na muda, dawa za minyoo kwa ratiba, kucha zikatwe.

Kamba Fupi

Mrejesho wakuu. Bosi amepimwa, mkojo safi, shingo ina misuli iliyokaza, amepewa dawa na mapumziko. Atarudi kwa wazee akitaka mwenyewe. Maafa nimemwondoa kabisa, na nimejishangaa kuona roho imeniuma mimi kuliko yeye. Jumamosi ijayo wanakuja watu peke yao. Kila mmoja ataburuta blanketi lililofungwa kamba, wacheke wakimaliza.

Swali la mwisho kwa Mstaafu: mtu wa tatu akiona mbwa wa kiongozi ndiye amechoka, nani anathubutu kumwambia kiongozi atoke?

Mstaafu Asiyechoka

Kwetu ni binti mdogo kuliko wote kikundini, nilimchagua makusudi. Siku moja nilimbishia. Akaichukua kamba mkononi mwangu mbele za watu, akamtoa mbwa nje, nami nikawafuata nyuma.