Nimesainiwa "amemudu" kwa kitu nilichomuumizia mzee wa watu. Vyuo vya afya Zanzibar, mnatufundisha nini?

Assalaam alaykum wanajamvi.

Uzi huu nimeuandika mara 3 nikaufuta. Leo naubandika. Mimi ni mwanafunzi wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) mwaka wa tatu, mzaliwa wa Wete, nasoma Unguja. Chuo sikitaji wala hospitali siitaji, kwa sababu sitaki mtu mmoja abebeshwe mzigo halafu mambo yaendelee vile vile.

Wiki ya pili ya fildi, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini, msimamizi aliniambia nikamkalishe kitini mzee mmoja aliyepigwa na kiharusi, upande wote wa kushoto umepooza. Yeye mwenyewe alikuwa na foleni ya wagonjwa wa nje mpaka mlangoni, na wanafunzi 9 tunamtegemea peke yake. Nikaenda. Somo hilo nina alama 81. Nikamgeuza mzee ubavu, nikamshusha miguu, nikamuinua akakaa ukingoni mwa kitanda. Hadi hapo sawa. Mara akaanza kulalia kushoto, nikashtuka, nikaudaka mkono wake uliopooza nikauvuta ili nimrudishe. Mzee alipiga ukelele ninaousikia mpaka leo. Binti yake alikuwa ameshika kikombe cha uji. Akakiweka chini, akanitazama, asiseme neno.

Nilipolipapasa lile bega, kidole kilizama chini ya ncha ya mfupa, mahali ambapo hapatakiwi kuwa na nafasi. Na siwezi hata kuapa kama nafasi ile ilikuwepo tangu mwanzo au niliifanya mimi, kwa sababu kabla ya kumgusa sikulipima. Hakuna aliyewahi kusimama pembeni yangu akaniambia, pima bega kwanza.

Kinachonichoma ni kwamba nilikuwa najua! Kwenye mtihani niliandika aya nzima: misuli ya bega ikilegea, uzito wa mkono unakishusha kichwa cha mfupa kutoka kwenye kikombe chake, kwa hiyo mgonjwa havutwi mkono wala hanyanyuliwi kwa makwapa. Nilipewa alama zote. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa haina habari.

Ingeipata wapi? Chuoni zoezi hili tulilifanya mchana mmoja tu. Kitanda kimoja cha mazoezi, wanafunzi 34. Aliyejitia mgonjwa ni mwenzetu, kijana mzima anayecheza mpira kila jioni, ukimuinua anakusaidia bila mwenyewe kujijua. Mkono uliopooza kweli haukusaidii. Unakuja na uzito wake wote, na ukiuachia unaanguka. Siku ile waliogusa ni 6, sisi wengine tukachungulia juu ya mabega ya watu. Sisi wasichana tukaambiwa tungoje zamu yetu na mwalimu wa kike. Haikuja. Pazia moja na ratiba ya heshima vingetosha, lakini hata pazia halikununuliwa.

Kupima nguvu za misuli ni hadithi ile ile. Kipimo kinakwenda 0 hadi 5, tumekikariri mpaka usingizini. Daraja la 3 utaliona kwa macho, mgonjwa ananyanyua kiungo chake dhidi ya uzito wake. Lakini 4 na 5 unazijua kwa kiganja chako, na kiganja hicho kiwe kimeshakandamiza miguu mingi, ya wavuvi, ya vikongwe, ya mama aliyejifungua juzi, ndipo utofautishe udhaifu na uzee. Sisi tumepimana magoti wenyewe kwa wenyewe, watu wa miaka 22. Wote 5.

Mwaka 1975, mwalimu wa udaktari Harden na wenzake kule Dundee, Uskoti, walileta mtihani wa vituo: mwanafunzi anapita kituo kwa kituo, kila kimoja anatenda kitu mbele ya macho ya mtahini. Mwaka 1990 George Miller wa Marekani akapanga ngazi 4 za kumpima mtu: kujua, kujua namna, kuonyesha, na kutenda kazini. Haya tumefundishwa, kwa slaidi! Kisha mtihani wetu wa vitendo ukaja kwenye karatasi: "Eleza hatua za kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani kwenda kitini."

Ijumaa ya mwisho ya fildi tulipanga mezani vitabu vyetu vya kusainiwa ujuzi, kabla ya sala. Ujuzi zaidi ya 20 kwa kila mwanafunzi, ukasainiwa wote kwa kalamu moja, hata dakika 10 hazikufika. Cha kwangu, mstari wa kuhamisha mgonjwa: amemudu. Simlaumu yule dada msimamizi. Chuo kimemtupia wanafunzi 9 bila kumpa mtu wa kumsaidia, bila siku moja ya kumfundisha namna ya kusimamia, na wagonjwa wake ni wale wale.

Jambo jengine. Yule mzee aliniuliza lini ataweza kushuka kwenye mkeka, asujudu, ainuke. Sikuwa na jibu. Tumefundishwa kitanda na kiti. Kutoka chini kuinuka hatujafundishwa hata kwa maneno, na huku Pemba na Unguja mtu anakula chini, anasali chini, na choo ni cha kuchutama. Huyo mgonjwa tunamrudisha nyumba gani?

Ninachotaka si vifaa vya mamilioni. Mwalimu afanye kitendo kizima kimya, tuone. Akirudie anaeleza kila hatua. Kisha mwanafunzi aeleze, mwalimu afuate. Mwisho mwanafunzi atende mwenyewe huku anaeleza. Ni hatua 4 za daktari Peyton za kufundisha ujuzi wa mikono, zinahitaji muda tu na makundi madogo. Mitaani kwetu kuna watu wamepona nusu na kiharusi, wana subira na wana mengi ya kutueleza. Waombwe, wakubali kwa hiari yao, walipwe nauli na jasho lao, waje watufundishe mkono uliopooza ukoje. Na asiyeonekana akitenda asisainiwe.

Yule mzee hakuulizwa kama anakubali kujifunziwa. Nilipomwomba radhi alinambia, "Si kitu mwanangu, ndiyo mnajifunza." Nilikwenda kulia kwenye ngazi za nyuma.

Nimeomba saini ile ifutwe, nirudie zoezi mbele ya msimamizi. Nimejibiwa haiwezekani, alama zimeshapelekwa.

Mliopita vyuo hivi, mlioko mjini, Chake, Mkoani, popote: kabla ya kupewa cheti mliwagusa wagonjwa wangapi huku mtu anakutazameni mikono? Andikeni idadi hapa.