Mhadhiri kaizungushia wino Z ya World Health Organization!

Mzee wa Desa:
Wakuu, simtaji. Mnamjua: kaunda suti, peni nyekundu nne mfukoni. Ripoti zimerudi leo, na kwenye World Health Organization kaizungushia Z, pembeni kaandika "Kimarekani", anataka S, maksi mbili zimekwenda. JINA LA SHIRIKA! Katiba yao ya 1946 imeandikwa hivyo hivyo! Makao makuu yao Geneva wakimtumia barua, atawarudishia na wino.

Na hiyo organize anayoiita ya Wamarekani, Oxford wenyewe kwenye kamusi zao wanaiandika kwa Z. Umoja wa Mataifa vilevile. Tazama International Labour Organization: Labour ina U ya Uingereza, Organization ina Z. Hapo atazungushia nini, jengo zima? Ya kukamata ilikuwa analyze, maana Uingereza ni analyse kwa S, hata Oxford. Hiyo kaiacha inapeta! Kaikamata Z ya WHO. Z ya WHO jamani!

Pweza Mkavu:
Pole. Ila ripoti yenyewe ina color ya Marekani na behaviour ya Uingereza aya moja. Usiisingizie Z.

Fundi Kibodi:
Hiyo ni Word. Aya ya kubandika inakuja na lugha yake, ndiyo maana color haipigwi mstari. Ctrl+A, kisha Review, Language, Set Proofing Language, chagua Kiingereza cha United Kingdom, toa tiki ya kutokagua tahajia, OK. Z haitapigwa mstari hata hapo, kwa sababu Word ya Uingereza inakubali organise na organize zote. Shika moja, nyingine isake kwa Ctrl+H. Replace All usiiguse, itageuza size kuwa sise na kuharibu marejeo. Majina ya vitabu na mashirika yabaki yalivyo.

Mzee wa Desa:
Yabaki yalivyo! Mwambieni huyo mzee!

Binti Semina:
Afadhali wenu. Wetu kaenda Marekani wiki mbili, sasa water ya "wota" imekuwa "wora". Mwanafunzi akichanganya L na R, anakatwa za uwasilishaji.

Ngosha:
Sisi Kimarekani kinapita. Andika equipments au researches, na S ya wingi, uone karatasi linavyowiva.

Pweza Mkavu:
Hayo ni makosa, siyo aina ya Kiingereza.

Ngosha:
Nairobi, Kampala na Lagos wote wanasema equipments. Kosa la nani sasa?

Mzee wa Desa:
Turudi kwenye mada. Z YA WHO.

Kisado:
Mnagombea herufi, wengine kila rasimu tunadaiwa nakala tatu zilizobanwa kwa spairo. Ukirekebisha koma moja, unachapa upya zote.

Binti Semina:
Tena upande mmoja wa karatasi!

Ngosha:
Na bumu, hela yetu ya mkopo, halijaingia.

Kisado:
Kuna chuo wameshasaini kulipokea?

Pweza Mkavu:
Foleni ipo tangu asubuhi. Mashine ya alama za vidole inagoma.