Je, niongeze betri ili inveta iendeshe boila ya maji ya moto umeme unapokatika?

MkaaKatuba

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaomba ushauri kabla sijatumia fedha nyingine. Nyumbani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, tuna boila ya umeme ya lita 80 yenye nguvu ya wati 2,000, na katika miezi hii ya Juni na Julai maji ya bombani saa kumi na moja alfajiri yanauma vidole. Umeme hukatika karibu kila jioni, na mara nyingi haurudi kabla ya saa tano usiku, kwa hiyo watoto huogeshwa kwa maji yaliyochemshwa kwenye mbabula, lile jiko la mkaa, na mkaa nao bei yake haishikiki.

Mdogo wangu anayeishi Liège, Ubelgiji, aliniambia kwamba boila ya kwao, ile inayopasha joto nyumba nzima, iliendelea kufanya kazi usiku kucha umeme ulipokatika, kwa betri moja tu na inveta ndogo, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani. Nikajiambia kwamba, kama yake inapasha nyumba nzima, yangu ya kuogea tu haiwezi kushindwa. Nikaiunganisha na inveta yangu ya wati 3,000 na betri mbili za risasi, kila moja ya volti 12 na ampea-saa 200, ambazo hutuwashia taa na televisheni. Baada ya dakika 40 hivi inveta ilianza kulia, kisha ikazima. Nyaya za betri zilikuwa za moto mkononi, maji yalikuwa vuguvugu tu, na tangu siku hiyo taa zetu hazifiki usiku wa manane. Je, niongeze betri mbili, au nimekosea mahali pengine?

FundiWaMabomba

Ndugu yangu, lililokudanganya ni jina. Nilifanya kazi ya mitambo ya joto Ubelgiji kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani, na ninaweza kukuhakikishia kwamba mdogo wako hakusema uongo. Ila boila yake na yako ni vyombo viwili visivyofanana. Yake inachoma gesi, na joto lote linatoka katika moto huo. Umeme unazungusha feni, unafungua vali ya gesi, unaendesha ubao wa kudhibiti na kuisukuma pampu inayopeleka maji kwenye radieta za vyumbani. Vyote hivyo kwa pamoja hutumia takriban wati 100, na mara nyingi chini ya hapo, kwa hiyo betri moja nzima inaweza kuvihudumia usiku kucha.

Hata huko si kila inveta inafaa. Zile za bei rahisi, ambazo wimbi lake la umeme si laini, hufanya pampu ingurume na ubao uonyeshe hitilafu. Tena boila nyingi za gesi huutambua moto wake kwa mkondo mdogo sana wa umeme unaopita ndani ya mwali wenyewe na kurudi kupitia waya wa ardhini. Kama waya wa nyutro wa inveta, yaani ule wa kurudishia umeme, haujaunganishwa na waya wa ardhini, ubao hudhani kwamba moto umezimika na kuifunga gesi. Nimewahi kuitwa usiku, theluji iko nje, kwa sababu ya waya huo mmoja tu.

Sasa tuje kwako. Kwako umeme ndio kuni zenyewe. Kupasha lita 80 kutoka nyuzi 18 hadi 60 kunahitaji karibu kilowati-saa 3.9. Betri zako mbili zimeandikwa jumla ya kilowati-saa 4.8, lakini betri ya risasi isiyotaka kufa mapema haifai kutolewa zaidi ya nusu, kwa hiyo una 2.4, na inveta nayo hula sehemu yake. Isitoshe, wati 2,000 kwenye volti 24 ni zaidi ya ampea 80 zinazopita mfululizo. Ndiyo maana nyaya zilichemka, na betri ya risasi inayokamuliwa kwa kasi hiyo hutoa pungufu ya ilichoandikiwa. Ukiongeza mbili utapata kuoga mara moja, kisha utabaki gizani.

Ninalotaka kujua ni jinsi ulivyoiunganisha. Kama ulichomeka umeme wa inveta kwenye soketi ya ukutani, tafadhali usirudie kamwe. Umeme ukirudi ghafla, ule wa mtaani na ule wa inveta utagongana, na kabla haujarudi unaweza kuwa unapeleka volti kwenye waya wa mtaani ambao fundi anaushika akiamini umekufa. Weka swichi ya kugeuzia, ile isiyoruhusu njia mbili kufunguka pamoja.

MamaWaBelAir

Baba, mimi niliacha kabisa kuutafuta umeme kwa ajili ya maji. Tulipandisha juu ya nyumba tangi la sola la lita 150, lile la mirija ya vioo, ambalo halina pampu wala betri: maji yakipata joto hupanda yenyewe kuingia kwenye tangi lililo juu, na ya baridi hushuka. Uzuri wa hapa kwetu ni kwamba miezi ya baridi ndiyo miezi isiyo na mawingu, kwa hiyo jua linakuwapo wakati ule ule tunapolihitaji.

Angalieni jambo moja. Fundi wetu wa kwanza alifuata karatasi iliyokuja na tangi na kuielekeza mirija kusini, kama wafanyavyo Ulaya. Sisi tuko kusini ya ikweta, na mwezi wa Juni jua linapita upande wa kaskazini. Kwa wiki mbili tulioga maji ya uvuguvugu tukimlaumu muuzaji, mpaka kaka yangu alipopanda juu adhuhuri, akaona mirija ikiwa kwenye kivuli cha tangi lake lenyewe.

MkaaKatuba

Nashukuru sana, na ninakiri kwamba niliichomeka ukutani, nimeiondoa leo. Tangi la sola nitaliwekea akiba polepole, maana mabati yetu yamekaa kwenye mbao za zamani. Kwa msimu huu nifanyeje na boila niliyo nayo?

FundiWaMabomba

Usipandishe tangi juu ya mbao hizo. Lita 150 ni kilo 150 kabla hujahesabu chuma. Lijengee mnara mfupi pembeni ya ukuta.

Kwa sasa, weka akiba ya joto ndani ya maji. Umeme ukirudi saa tano usiku, iache boila ipashe hadi nyuzi 60, kisha ikae. Lita 80 za nyuzi 60 zikichanganywa na za bombani hutoa kama lita 150 za nyuzi 40, yaani ndoo kumi za kuogea. Zifunge bomba za maji ya moto kwa sponji, hasa ile mita ya kwanza inayotoka kwenye boila, kwa sababu hapo ndipo joto linapotoroka usiku kucha. Watoto waogeshwe asubuhi, au jioni kwa yatakayobaki.

Pima pia volti usiku huo. Kama unapata 170 badala ya 220, ile koili ya ndani inayoitwa rezistansi inatoa takriban asilimia 60 tu ya nguvu yake, na kazi ya saa mbili inakuwa ya saa tatu na zaidi. Usije ukadhani imeharibika ukainunua nyingine. Na vali ya usalama iliyo chini ya boila, ile inayopunguza shinikizo la maji yanayopanuka kwa joto, ikidondosha matone wakati maji yanapashwa, iache idondoshe. Nimekuta nyumba ambayo waliiziba kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

MkaaKatuba

Yangu ilizibwa kwa gundi na mpangaji aliyetutangulia. Ninazima boila sasa hivi, na kesho asubuhi ninaenda kununua vali nyingine.